NANI ANAWAHESABU SAMAKI WETU?

Mtu akienda Mungaa siku ya mnada, kule wilaya ya Ikungi katika mkoa wa Singida, hataona ziwa wala mtumbwi. Ataona mbuzi na kuku, ataona uwele, mtama na alizeti. Lakini samaki hatakosa kuwaona. Mama mmoja ametandika gunia chini, na juu yake amepanga mafungu ya dagaa wakavu na vipande vya samaki wa moshi. Ukimwuliza dagaa hawa watoka wapi, atajibu "Mwanza," na mazungumzo yamekwisha. Yeye aliwanunua Singida mjini. Aliyewaleta Singida aliwapakia juu ya lori, wakapita Shinyanga, Nzega na Igunga. Aliyewavua hatumjui. Na fungu likipungua, au bei ikipanda, lawama zote humwangukia yule mama aliyekaa juani.

Sisi twasema mama yule hana kosa. Fungu lake limepungua kwa sababu ya mambo yaliyoamuliwa mbali naye, mengine kabla hajazaliwa, na watu ambao hawakuwahi kumwuliza yeye wala yule mvuvi lolote. Ndiyo maana tumeona ifaa kuandika habari za samaki katika gazeti la siasa. Wako watakaocheka. Waache wacheke, kisha jioni wakale ugali na mlenda mtupu, wafikiri tena.

Wasomaji wetu wa Mungaa ni wakulima na wafugaji, basi na tuanze na ng'ombe. Mwenye zizi huhesabu ng'ombe wake kila jioni. Ajua ni wangapi, ajua mitamba ni mingapi na lini itazaa, ajua yupi amedhoofu na yupi ameachwa porini. Mtu akichinja mitamba yake kabla haijazaa hata mara moja, majirani watamwita mwendawazimu, na mwaka wa tatu zizi lake litakuwa tupu. Haya kila mtoto wa Singida ayajua. Lakini ziwa ni zizi lisilo na mlango, na ng'ombe wake wako chini ya maji ambako macho hayafiki. Wavuvi maelfu huchukua humo kila usiku. Nani anahesabu? Nani ajuaye kama jana tulichinja madume wazee au tulichinja mitamba?

Kazi ya kujibu maswali hayo ndiyo iitwayo utafiti wa samaki. Si uchawi, wala si kazi ya wazungu peke yao. Tutaeleza hapa chini jinsi ifanywavyo. Lakini kwanza twataka wasomaji wetu wajue yaliyotokea katika ziwa kubwa la Victoria, kwa sababu dagaa wa Mungaa watoka huko, na kwa sababu yaliyotokea huko yaweza kutokea katika maji ya Singida kama hatutaamka.

Zamani samaki mkuu wa ziwa lile alikuwa ngege. Wenyeji walimvua kwa mitego ya matete na kwa vizuizi vya mitoni, wakala, wakauza, wakabakiza. Mwaka 1905 nyavu za kisasa za uzi wa kitani zililetwa upande wa Kisumu. Wavu ule hutandikwa majini kama ukuta, samaki akipita hunaswa mashavuni. Hapo mwanzo wavu mmoja ulitoa ngege kwa makumi katika usiku mmoja. Wavuvi wakaongezeka, reli ikachukua samaki mpaka mijini, na baada ya miaka isiyozidi ishirini na mitano wavu ule ule ulitoa samaki wa kuhesabu kwa vidole. Serikali za kikoloni zikashtuka. Katika mwaka 1927 na 1928 zikamleta mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, azunguke ziwa zima na kupima.

Yafaa tukumbuke mambo mawili juu ya bwana huyu. La kwanza lachekesha kidogo. Ngege aliyeliwa na babu za Wajaluo, Wasukuma na Wakerewe kwa vizazi ambavyo hakuna aijuaye idadi yake, alihesabiwa na wataalamu wa dunia kuwa "amegunduliwa" mwaka 1928, na mpaka leo katika vitabu jina la Kilatini la samaki huyo lafuatwa na jina la Graham. La pili si la kuchekesha. Bwana Graham alifanya kazi yake vizuri. Alipima samaki, akaona kwamba wavu wenye matundu madogo huchukua ngege ambao hawajazaa, akashauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi tano. Tena akaonya kwamba kumtia ziwani samaki mkubwa mla wenzake, aliyetoka maji mengine, pasipo uchunguzi mrefu wa kutangulia, ni hatari kubwa sana. Onyo hilo lilichapwa mwaka 1929. Sisi hatuna desturi ya kumsifu mkoloni, lakini penye haki twasema haki.

Serikali zilizomwita zikafanya nini? Sheria ya inchi tano ikawekwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilishushwa kutoka juu kama sheria nyingine za siku zile, bila ya kumweleza mvuvi sababu yake. Mvuvi aliona askari tu. Alikata nyavu zake usiku, akavua kwa siri, na wenye maduka ya nyavu hawakuacha kumwuzia matundu madogo. Katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaifuta sheria ile kwa sababu zilishindwa kuilinda. Nyavu za nailoni nazo zikaingia miaka ile ile, nyepesi, zisizooza, zenye kunasa kuliko kitani. Ngege akaisha katika sehemu kubwa ya ziwa. Siku hizi ukimtaka ngege wa asili lazima umtafute katika maziwa madogo ya kandokando.

Badala ya kuwalinda waliobaki, mabwana wale wakaona afadhali kuleta samaki wengine. Katika miaka ya 1950 wakaletwa sato wa mto Nile na wengine wa jamii yake. Na mwaka 1954, upande wa Uganda, sangara akatiwa ziwani kwa siri. Wakati huo huo palikuwako Jinja shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1947, na mtaalamu wake mmoja, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kulipinga shauri la sangara kwa hoja zilizo wazi. Hakusikilizwa. Mwaka 1962 na 1963 sangara wakatiwa tena, mara hii hadharani.

Angalia jinsi jambo lilivyokwenda. Mwenye elimu alisema hapana mara mbili, mwaka 1929 na mwaka 1960. Mwenye ziwa, yaani mvuvi na mlaji, hakuulizwa hata mara moja. Mwenye ofisi akatenda alivyotaka.

Kwa miaka mingi sangara hakuonekana kufanya neno. Mnamo miaka ya 1980 akafumuka. Katika ziwa walikuwako samaki wadogo wanaoitwa furu, wa aina zaidi ya mia tano, wengi wao wasioonekana popote penginepo duniani. Upimaji wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu peke yao walikuwa kama sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa. Mwanza kilijengwa hata kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Wataalamu wa Kiholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walifika Mwanza mwaka 1977, wakafanya kazi pamoja na Watanzania kuwachunguza furu hao, na macho yao yakashuhudia furu wakitoweka katika ghuba ya Mwanza mwaka hata mwaka. Wakadiriaji husema aina kama mia mbili zimepotea. Tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kuvuliwa sana, baadhi ya furu wamerudi. Walio wengi hawakurudi.

Hatutaki kuwa wadanganyifu. Sangara alileta fedha. Viwanda vikajengwa Mwanza, Musoma na Bukoba, vijana wakapata kazi, nchi ikapata fedha za kigeni. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda Asia, na mwananchi akauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki. Hata dagaa, ambaye leo ndiye anayevuliwa kwa uzito mwingi kuliko samaki wote wa ziwa lile, sehemu kubwa yake husagwa ikawa chakula cha kuku. Watu wa Singida hatuna ugomvi na kuku, kila mtu awajua kuku wetu. Lakini kuku akila dagaa na mtoto akikosa, hesabu hiyo haiko sawa, na mama wa Mungaa ndiye wa kwanza kuiona.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Watu wengi hudhani Singida ni nchi kavu isiyo na habari na samaki. Si kweli. Pale Singida mjini yako maziwa mawili, Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi na magadi. Kaskazini-magharibi, Iramba, liko ziwa Kitangiri, la kina kifupi, lipatalo maji yake kutoka mbuga za Wembere. Likijaa humwaga kwa mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi. Maziwa haya hayana mto uendao baharini. Maji yakiingia hutoka kwa kukauka tu, na chumvi hubaki. Mwaka wa mvua nyingi ziwa huenea mbugani, mwaka wa ukame hunywea mpaka matope yakapasuka.

Katika maji hayo magumu anaishi perege mmoja ambaye Mungu hakumweka penginepo. Wataalamu humwita kwa Kilatini Oreochromis amphimelas. Aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, zamani za Wadachi, mwaka ule ule wa vita vya Majimaji na mwaka ule ule nyavu zilipofika Kisumu. Nyumbani kwake ni Kitangiri, Eyasi, Manyara na maji mengine machache ya magadi katika bonde hili. Nje ya Tanzania hayuko kwa asili. Chumvi ambayo ingewaua samaki wengi yeye huivumilia. Na orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka yamtaja perege huyu.

Hatari yake ni nini? Moja ni ile tuijuayo, nyavu za matundu madogo na makokoro yanayokwangua ufukwe ambako perege hutaga na kulea. Nyingine ni ukame, pamoja na mito inayozibwa huko juu. Lakini iko ya tatu ambayo watu wetu hawaizungumzi, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike leo. Hiyo ni ile habari ya sato wa kigeni.

Mwaka 2019 wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika mito, maziwa na mabwawa ya Tanzania. Waliona kwamba perege wa kigeni, hasa sato wa mto Nile, wameenea katika sehemu nyingi mno za nchi, wengi wao kwa kupelekwa na watu. Wengine walipelekwa tangu enzi za ukoloni na wengine wanapelekwa siku hizi kwa ajili ya mabwawa ya kufugia. Wakifika, hupigania chakula na mazalio na wenyeji. Na lililo baya zaidi, sato huzaa na perege wenyeji wa jamii yake. Mfugaji ataelewa mara moja. Ukiachia dume la kigeni katika zizi, baada ya vizazi kadhaa huna tena mbegu yako ya zamani. Ng'ombe waweza kuwatenga, lakini samaki waliochanganyika ziwani huwezi kuwatoa mmoja mmoja.

Basi mkulima wa Mungaa aweza kuuliza: mimi nina lambo la kunyweshea ng'ombe, Kitangiri ni mbali, yanihusu nini? Yanakuhusu hivi. Siku hizi kila mahali watu wahimizwa kufuga samaki, na sisi hatupingi hata kidogo. Nyama ya samaki ni chakula cha damu, na bwawa kijijini lingempunguzia mama safari ya kufuata dagaa mbali. Malambo yachimbwe. Lakini kuna mtu atakuja na mfuko wa plastiki uliojaa maji na vifaranga, atavimimina, apigwe picha, aondoke. Nani atamwuliza vifaranga hivyo ni vya aina gani? Mvua za Januari hadi Machi zikija, lambo hufurika, samaki huingia korongoni, korongo huingia mtoni. Hatusemi kwamba kila tone la Mungaa hufika Kitangiri, mito yetu ni ya msimu na kila mmoja una njia yake. Twasema kwamba aliyemimina hajui maji yale yaenda wapi, wala hakuuliza.

Tena wazee wanakumbuka kwamba habari ya mabwawa si mpya. Serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya kufuga samaki mwaka 1949 kule Korogwe, na Malya katika nchi ya Usukuma. Katika miaka iliyofuata mabwawa kwa maelfu yalichimbwa sehemu nyingi za Tanganyika. Mengi yakafa. Mengine yalikauka, mengine hayakupewa chakula, na mengi yalijaa visamaki vidogo kama kidole ambavyo havikukua. Sababu yake yajulikana. Perege huzaa mapema na huzaa sana, bwawa dogo likijaa watoto chakula hakitoshi, wote hudumaa. Hiyo ndiyo sababu leo wafugaji hupendelea madume peke yao. Lakini mkulima wa mwaka 1955 hakuambiwa. Aliamriwa kuchimba, akachimba, akaona visamaki, akaacha bwawa liote matete. Kisha akaitwa mvivu.

Tuliahidi kueleza jinsi samaki wanavyohesabiwa. Katika ziwa kubwa wataalamu hutumia chombo kinachotuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake. Mwangwi wa samaki ni tofauti na wa tope, na kwa kwenda huko na huko meli hupata makisio ya wingi wao. Katika ziwa Victoria upimaji wa namna hii ulianza mwaka 1999. Tena tangu mwaka 2000 nchi tatu zimekuwa zikihesabu pamoja, kila baada ya miaka michache, mitumbwi, nyavu na wavuvi katika mialo yote. Umri wa samaki hujulikana kwa kijiwe kidogo kilicho ndani ya kichwa chake, ambacho huongezeka pete kama mti. Tumbo likipasuliwa huonyesha anakula nini, na mayai huonyesha anazaa akiwa na urefu gani. Ukiujua urefu huo, wajua tundu la wavu liwe kubwa kiasi gani. Sheria njema ya wavu hutoka katika tumbo la samaki.

Lakini kipimo kilicho bora kuliko vyote kwa maji madogo kama yetu hakihitaji meli wala chombo cha mwangwi. Ni daftari na kalamu. Nyavu ngapi zimetandikwa usiku wa leo, samaki wangapi wametoka, urefu wao ni kiasi gani. Basi. Ukiandika hayo kila wiki kwa miaka mitatu utaona kwa macho yako kama zizi linajaa au linapungua. Kumbuka kwamba Bwana Graham mwenyewe alijua ngege wanakwisha kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, samaki kwa kila wavu kwa kila usiku, na hesabu hiyo wavuvi walikuwa nayo vichwani kabla hajapanda meli kuja Afrika. Waliijua, ila hawakuwa na mahali pa kuiandika, na hakuna aliyewaomba.

Hapo ndipo palipo na lawama yetu, na twaisema bila ya kuficha. Utafiti wa samaki katika nchi hii umekuwa mali ya watu wengine kwa muda mrefu mno. Kwanza ulikuwa Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, makao yale makuu yakabaki Uganda, na sisi tukaanza upya. TAFIRI iliundwa kwa sheria mwaka 1980, na leo ina vituo Mwanza, Kigoma na Kyela, pamoja na Dar es Salaam. Mwaka 1994 nchi tatu zikaunda tena shirika moja la uvuvi wa ziwa Victoria, makao yake Jinja vile vile. Kazi njema imefanyika, hatuikatai. Lakini ripoti huandikwa Kiingereza, huchapwa ng'ambo, na mvuvi wa Kitangiri ambaye ndiye aliyemwonyesha mtaalamu mahali pa kutega wavu hapati hata karatasi moja ya Kiswahili kumwambia nini kilionekana. Msomi huyo tumemsomesha sisi. Je, ni dhambi kumtaka arudi mwaloni aseme na watu?

Mvuvi asipoelezwa, kinachobaki ni fimbo. Sote twaikumbuka Operesheni Sangara ya mwaka 2018 kule ziwa Victoria, nyavu zilivyochomwa moto, mali za wavuvi zikawa majivu. Hatutetei kokoro. Mtu avuaye kwa kokoro au kwa sumu anaiba chakula cha wanawe na cha wana wa jirani, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 yampasa. Lakini moto hauhesabu samaki. Na mvuvi aliyechomewa wavu bila ya kuelezwa kwa nini tundu liwe inchi fulani hana tofauti na yule wa miaka ya 1930 aliyemwona askari tu. Tumeona matokeo ya 1930. Je, twataka kuyaona mara ya pili tukiwa sisi wenyewe ndio serikali?

Iko njia nyingine, nayo imekwisha kuanza kujaribiwa. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaa, na nchi jirani zikakubaliana. Ilikuwa dhiki kwa Kigoma, na wavuvi wengi walinung'unika, wala hatuwalaumu, kwa maana tumbo halifungwi miezi mitatu. Lakini lilitangazwa mapema na sababu ikatolewa. Sisi twaona kwamba mwenye kufunga ziwa adaiwe hesabu. Samaki walikuwa wangapi kabla, wamekuwa wangapi baada? Wananchi walioacha kuvua wana haki ya kuoneshwa jibu kabla ya kuombwa tena.

Kwa upande wa Singida twataka mambo haya. Serikali za vijiji vilivyo kandokando ya Kitangiri, Singidani na Kindai zipewe madaftari, na vijana waliomaliza shule wafundishwe kupima na kuandika, walipwe kitu kidogo kwa kazi hiyo. Kulipia daftari ni rahisi kuliko kulipia operesheni. Vile vikundi vya ulinzi wa uvuvi ambavyo wavuvi huviita BMU visiwe vya kukamata watu tu, viwe vya kuhesabu pia. Na TAFIRI ipeleke mtaalamu wake huko angalau mara moja kila mwaka, asome madaftari yale pamoja na walioyaandika, awaambie kwa Kiswahili aliyoyaona.

Habari ya vifaranga hatutaki mchezo. Mtu yeyote, awe wa Serikali, wa dini, wa shirika la msaada au mfanyabiashara, asimimine samaki katika lambo lolote la mkoa huu mpaka ameandika kwenye karatasi ni samaki wa aina gani, wametoka bwawa gani, na maji ya lambo lile yakifurika huenda wapi. Afisa uvuvi wa wilaya aisome karatasi hiyo mbele ya mkutano wa kijiji. Tena twauliza jambo ambalo tungependa wakubwa walijibu: tunaye perege wetu avumiliaye joto, chumvi na ukame, kwa nini hatujasikia bidii kubwa ya kumjaribu yeye katika mabwawa ya nchi kavu, bali kila mara twaletewa sato tu? Kiko kituo cha taifa cha ufugaji wa samaki Kingolwira, Morogoro. Kazi hiyo yaweza kuanzia hapo, au hapa hapa Singida. Huenda perege huyu akaonekana mdogo mno, au akaonekana hafai kufugwa. Vema, tuambiwe hivyo baada ya kumpima, si kabla.

Wanachama wa Mungaa, mkutano wa kijiji ukiitishwa kwa habari ya lambo, nendeni. Akina mama hasa waende, kwa kuwa wao ndio wanaonunua na kuuza, nao wajua kuliko afisa yeyote fungu lilikuwa kubwa kiasi gani miaka mitano iliyopita. Msiogope kuuliza kwa kudhani kwamba swali la samaki ni la wasomi.

Na gazeti hili laomba msaada. Wazee wa Singida wanayo majina ya samaki kwa Kinyaturu na kwa Kinyiramba, wajua ni yupi aliyekuwapo zamani na yupi alikuja juzi, na wakumbuka miaka ambayo Kitangiri na Singidani zilikauka na miaka zilipofurika. Hayo hayamo katika ripoti yoyote tuliyoisoma. Tuandikieni. Aandike jina la samaki, alivyo, mahali alipovuliwa na mwaka, na asiyejua kuandika amwombe mjukuu wake. Barua zitakazofika tutazipiga chapa, na nakala yake tutaipeleka TAFIRI kwa mkono.